Usipepese, Mpiga Picha wa Ndani ya Macho

Wazee wetu, ndugu, majirani, madaktari na wafanyakazi wa hospitali ya macho, na ninyi mliosimama kule karibu na geti mkidhani siwaoni, nawasalimu nyote kwa heshima ya msiba huu. Mimi ni mdogo wake marehemu, wa pili kuzaliwa na wa mwisho, fundi wa baiskeli, niliyeishia darasa la sita kwa sababu zilizomshinda mwalimu, na sikusimama hapa kwa kujipendekeza, maana binamu yetu mwenye shahada alikwisha kuandika ukurasa mmoja safi uliopangika, lakini mjane aliusoma, akaukunja, akasema atakayesoma ni shemeji, kwa kuwa shemeji akisimulia hata maiti husikiliza. Hayo ni maneno yake, siyo yangu, ingawa siyapingi, na mkivumilia mpaka mwisho mtajua kwa nini aliyasema.

Marehemu kaka yetu alizaliwa Jumapili tarehe 19 Mei 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa baba yetu aliyekuwa fundi bomba na mama yetu aliyekuwa mshona magodoro. Inasemekana alizaliwa macho wazi, hakulia, akamkodolea mkunga mpaka mkunga akageuza uso, na kama mnadhani hapo nimetia chumvi, mama yupo pale kwenye kiti, muulizeni, atawaambia nimepunguza.

Alianza shule ya msingi Januari 1976 akamaliza mwaka 1982, kisha sekondari mwaka 1983 hadi 1986, akafaulu vizuri kuchora na sayansi, hesabu tuziache zipumzike leo. Jambo lililompa sifa shuleni ni mchezo wa kukodoleana macho, ule wa kutazamana mpaka mmoja apepese, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyemshinda, alikusanya gololi za darasa zima, nami nikiwa meneja wake, nikimtafutia washindani mitaa ya mbali na kubaki na nusu ya gololi kwa huduma hiyo. Ndugu zangu, niliwahi kumtazama machoni akiwa mchezoni, na nawaambia lilikuwa jambo la kutisha kidogo, ulikuwa unahisi amekwisha kukupita na anatazama kitu kilichosimama nyuma yako.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika studio ya picha mkabala na stendi, akipiga picha za pasipoti na za harusi, akajifunza kusafisha filamu kwenye chumba cha giza, na humo alikaa miaka tisa. Jumatatu tarehe 1 Aprili 1996 aliajiriwa na hospitali ya macho, nami nilipoisikia habari hiyo nilicheka sana, nikamuuliza nani atakayetaka kupigwa picha ya ukumbusho akiwa na bandeji usoni, ndipo akanieleza kwa upole wake kwamba kazi yake haitakuwa kupiga sura, ila kupitisha mwanga kwenye tundu la mboni na kupiga picha ya ukuta wa nyuma, ule utando wanaouita retina, ambako mishipa ya damu inaonekana kwa macho bila kumpasua mtu.

Mwaka 2007 hospitali ilifungua idara ya utafiti, mwisho wa korido ya chini, na kaka akahamishiwa huko. Kwa faida ya wasiojua, idara ile haitibu kama kliniki ya kawaida, pale dawa mpya ya macho inapimwa kwanza kwa watu waliokubali kwa hiari yao, wanaitwa washiriki, kila mmoja ana namba badala ya jina, na wanarudi kila mwezi kwa miaka miwili, wanapimwa, wanapigwa picha, wanadungwa sindano ya jicho, wanakwenda nyumbani. Wengine wanapata dawa mpya na wengine ya zamani, na wanaowapima hawaruhusiwi kujua nani kapata ipi, wala kuuliza habari za nyumbani, wasije wakapendelea kwa moyo. Watu wazima, ndugu zangu, wanashinda pamoja mwaka mzima wakikatazwa kuulizana hali, mimi ningefukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Palikuwa na Daktari Mkuu, ambaye yupo nasi hapa, mama mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuipuuza. Palikuwa na mratibu, tunayemwita Mama Ratiba, aliyejua tarehe ya kila mshiriki kuliko siku ya kuzaliwa ya mume wake, na mume wake amekwisha kulalamika kwangu. Palikuwa na mpimaji wa kusoma herufi ukutani, aliyeitwa Soma Tena, kwa kuwa neno jingine hakuwa nalo. Na palikuwa na kaka, ambaye jina lake la kazini mnalijua, Bwana Usipepese, maana kila aliyeweka kidevu kwenye kamera yake alimsikia akisema, kwa sauti ileile, mwaka baada ya mwaka, "Tazama nukta ya kijani, usipepese," kisha mwanga unawaka, na baada ya mwanga anasema, "Haya, pepesa."

Nilikwenda kumtembelea huko mara nyingi, na kila mara nilitoka na baridi mgongoni. Mapazia ya korido yalifungwa mchana kutwa kwa ajili ya wale waliotiwa matone ya kupanua mboni, na wao walikaa kwenye benchi refu, kimya, kila mmoja mboni zimejaa jicho zima, nyeusi, wanakugeukia wote pamoja ukiingia, na huwezi kujua kama wanakuona au hawakuoni. Kaka akaniweka kidevu kwenye mashine, akapiga, akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta ndani yangu mwenyewe, duara la rangi ya chungwa lenye mishipa kama mito imetoka chanzo kimoja, na kwa taarifa ya wanaonidharau hapa, picha ile ya jicho langu la kulia ilibandikwa ukutani idarani kwa miaka saba kama mfano wa jicho zima lisilo na kasoro. Madaktari wametoka mbali kuja kulitazama. Daktari Mkuu anainamisha kichwa, lakini hakanushi.

Siku ile kaka aliniambia kwamba hakuna watu wawili wenye mishipa inayofanana, hata pacha, na kwamba yeye washiriki wake hawajui kwa nyuso, akikutana nao sokoni anapita kama hajawahi kuwaona, lakini mishipa yao anaikumbuka yote, akifumba macho anaiona, ya walio hai na ya waliokwisha kuondoka. Nikamuuliza kama ya waliokufa inatofautiana na ya walio hai. Akasema kwenye picha hapana, na hilo ndilo linalomsumbua.

Sasa nafika kwenye habari ya ndoa yake, lakini ili niifikie inabidi nipitie msiba mwingine, na ninayo ruhusa ya mjane kulisema hili mbele yenu.

Katika washiriki wa mwaka 2009 alikuwepo mama mmoja fundi cherehani, mgonjwa wa kisukari kilichokuwa kinaharibu macho yake, akidungwa sindano katika jicho la kushoto, namba yake ilikuwa arobaini na moja. Alisindikizwa mara moja na mdogo wake wa kike, naye mgonjwa wa kisukari hichohicho, naye macho yalikuwa yameanza, na mdogo huyo akaomba aingizwe kwenye utafiti, akaambiwa kwa masikitiko kwamba nafasi zimejaa na dawa ile haijaruhusiwa kutolewa kwenye kliniki ya kawaida. Jumamosi tarehe 8 Agosti 2009 yule fundi cherehani alifariki nyumbani kwake, akaacha binti wa miaka minane. Idara haikupata taarifa. Alhamisi tarehe 20 Agosti, siku yake ya kurudi ilipofika, Mama Ratiba aliita namba arobaini na moja, na namba arobaini na moja akaitika, akasimama kwenye benchi, ushungi kichwani, kadi mkononi, akaingia.

Mashine ya kaka ina kawaida moja, ukipiga picha mpya inailaza juu ya ile ya mwezi uliopita, mshipa juu ya mshipa, ili daktari aone kilichobadilika. Siku hiyo ilikataa. Kaka akarudia, ikakataa. Akafanya kosa ambalo asiye wa kazi hiyo hawezi kulifanya, aliwaza kwamba msafishaji ameisogeza kamera, akashika picha mbili zile kwa mkono akalazimisha moja ikae juu ya nyingine, akapitisha, na yule mama akaenda akadungwa sindano ya jicho la kushoto. Kaka alikuja karakana kwangu jioni ile akakaa juu ya tairi, nikamtania kwamba amepepesa. Akaniambia ameona macho mageni mahali pa macho anayoyajua, na kwamba huenda ni uchovu.

Alhamisi tarehe 17 Septemba mashine ilikataa tena, na safari hii kaka hakugusa kitu. Alizima taa ya kamera wakabaki wawili katika giza la chumba kile kidogo, akafanya jambo lililokatazwa, akamuuliza mshiriki wake yeye ni nani.

"Mwenye namba hii tumeshamzika," yule mama akasema. "Mimi ni mdogo wake. Macho yangu yanakwenda njia aliyopita dada, na ninyi mkaniambia mmejaa. Piga picha, kaka yangu, wenzangu wanangoja."

Hebu kaeni mahali pake. Akinyamaza, mama yule anapata dawa mwaka mzima uliobaki, na pengine anaokoka, lakini anadungwa dawa ambayo hakuna aliyempima kama mwili wake unaiweza, na marehemu anaendelea kuandikwa hai, na dawa inahukumiwa kwa jicho la mtu mwingine. Akisema, mlango unafungwa siku hiyohiyo, na mwanamke aliye mbele yake anakwenda gizani akimjua aliyempeleka. Kaka alimwambia amsubiri, akatembea korido nzima mpaka kwa Daktari Mkuu, akasema yote, na la Agosti alilolilazimisha kwa mkono wake akalisema pia.

Daktari Mkuu hakumfokea. Alivua miwani, akakaa kitako, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Kwa hiyo arobaini na moja amefariki, na sisi tukamdunga."

Kaka alipokimbia kurudi chumbani kiti kilikuwa kitupu, na pale pa kuwekea kidevu palikuwa bado na unyevu.

Taarifa zilipelekwa zinakopelekwa, yule fundi cherehani akaandikwa kwamba ameaga dunia, kaka akaonywa kwa kile cha Agosti na akalikubali onyo, na Daktari Mkuu mwenyewe akazungumza na wenzake wa kliniki ya kawaida wampokee yule mdogo mtu kwa matibabu yaliyokuwepo, yaani mionzi ya leza. Lakini mgonjwa hakuonekana. Kaka alimtafuta mtaa kwa mtaa, na kwa kuwa sura za watu hazikumbuki, ilibidi niende naye mimi, nikimwelezea kila mwanamke tuliyekutana naye kama vile yeye ndiye kipofu, akajibu kila mara kwamba hajui, mpaka tulipomkuta kwenye cherehani ya marehemu dada yake, akishona, na aliposikia sauti ya kaka alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alikataa kuja. Alikataa mara ya pili. Mara ya tatu kaka alimwambia atasimama yeye kwenye foleni, yeye aje tu zamu ikifika, na kweli akasimama, mfanyakazi wa hospitali amepanga foleni na wagonjwa hospitalini kwake mwenyewe, watu wakadhani kafukuzwa kazi.

Ilikuwa Januari 2010. Jicho la kulia lilipigwa leza likapona, analo mpaka leo, anatutazama nalo. La kushoto lilikuwa limekwisha kuvuja damu ndani, likazimika. Madaktari waliulizwa kama ni ile sindano ya Agosti iliyopitishwa kwa kosa, au ni kukosa zile zilizofuata, au ni ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kuamua, na walijibu kwa uaminifu kwamba hakuna atakayejua. Na picha ya mwisho ya jicho lile likiwa bado linaona ipo idarani, chini ya namba ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 3 Desemba 2011. Najua wapo walionong'ona kwamba kaka alioa kwa kujutia, na mimi kwa kuwa sina haya nilimuuliza shemeji moja kwa moja jikoni, mbele ya sufuria, kwamba amempendea nini mtu aliyemtoa nje. Akanijibu bila kugeuka, "Shemeji, aliyekufungia mlango angalau unajua amesimama wapi." Tulicheka, lakini nilipotoka nje kicheko kilikuwa kimeisha, na mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Mwenyezi Mungu aliwajalia kumlea yule binti wa marehemu dada, ambaye ni binti yetu mkubwa na amesimama pale na mumewe, na kumpata mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 2013, ambaye naye huwezi kumshinda kukodoa, nimejaribu, na nimepoteza kisigino cha kiatu kwa sababu hiyo, akitaka atawasimulia. Kaka alikuwa mume mpole, mezani alikaa daima upande wa kulia wa mkewe, mahali anapoonekana, na hakuna siku alipita kushotoni kwake bila kusema kwanza kwamba anapita. Mkewe aliyapimisha macho kliniki kila mwaka, na aliyepiga picha hakuwa kaka, alikataa, hata jicho lile la kulia hakuligusa.

Kuna jambo jingine, nalisema kwa kuwa Mama Ratiba ameniruhusu. Tarehe za washiriki zilipangwa miaka miwili mbele, na za namba arobaini na moja zilikuwa zimebaki nyingi. Alhamisi zile zilipofika, kwa muda wote uliobaki, kaka alimwona yule fundi cherehani kwenye benchi, mwisho kabisa, karibu na pazia, mboni zimepanuka, kadi mapajani, akingoja kuitwa. Hakumwogopa. Benchi likibaki tupu alifungua mlango wa chumba chake, akakiacha kiti wazi kwa muda kidogo, akawasha ile nukta ya kijani, na Mama Ratiba, aliyekuwa akipita na chai, alimsikia akisema katika chumba kisicho na mtu, "Haya, pepesa." Alilipeleka neno hilo kwa wenzake akitarajia wacheke. Hakuna aliyecheka. Soma Tena aliuliza tu kama alipepesa.

Mimi kaka alinifunulia moyo mara moja, tena kwa bahati, nikiwa nanyoosha ringi yeye amenishikia, akasema, "Sijui nililizima kwa sindano niliyoipitisha au kwa zile nilizozizuia." Nikamwambia amuulize mwenye jicho, si analala naye nyumba moja. Akasema anaogopa, maana mkewe si mtu wa kudanganya. Basi wakaishi hivyo, ndugu zangu, miaka kumi na zaidi, wanapendana, wanacheka, na swali limekaa kati yao kama mgeni ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini.

Jumatano tarehe 14 Juni 2023 idara ilipokea kamera mpya, na kamera mpya hujaribiwa kwa macho ya wafanyakazi wenyewe. Mpiga picha mpya, dada aliyefundishwa na kaka, alimwomba aweke kidevu, akamwambia kwa kumtania atazame nukta ya kijani asipepese, akapiga. Kwenye kioo, pale mishipa yote inapotokea, panapotakiwa kuwa na duara lenye ukingo safi kama ukingo wa kikombe, ukingo ulikuwa umevimba na kufutika. Kaka aliangalia, akasema rudia, na jicho la pili. Ikaja vilevile. Yule dada alikwisha kujua na machozi yalikuwa yanamlenga, kwa kuwa aliyemfundisha maana ya alama ile ni mtu huyohuyo aliyekaa mbele yake, kwamba ukingo ukifutika macho yote mawili, kitu kinasukuma kutoka kichwani. Kaka alimwambia, "Picha yako nzuri, haina mtikisiko," akaenda akaosha vikombe vya chai vya idara nzima, kisha akaenda kumwambia Daktari Mkuu.

Alipelekwa hospitali kuu siku iliyofuata, vipimo vikaonyesha uvimbe ndani ya kichwa, mahali ambapo kisu hakifiki, akaanza mionzi mwezi Julai, akapata nafuu Septemba akawa anakuja karakana kunishikia magurudumu, lakini tangu Desemba hali ikabadilika, na macho yake, yale yaliyoshinda shule nzima, yakaanza kufifia. Mwishoni mwa Januari alikuwa haoni kabisa. Aliniambia haoni giza kama tunavyodhani, anaona mishipa, ya watu wote, inapita taratibu mbele yake kama mito inavyoonekana ukiwa juu, na kila mmoja anamtambua.

Ijumaa tarehe 2 Februari 2024, akiwa wodini, alimshika mkewe mkono na hatimaye akamuuliza lile swali, kwamba siku ile angenyamaza, je, isingekuwa heri. Shemeji alikuwa amelingoja kwa miaka yote ile, na lilipokuja akasema ngoja nikuletee maji. Alikwenda mpaka bombani akasimama pale akilipanga jibu, anasema glasi ilimwagika mara mbili, na aliporudi kaka alikuwa amelala, na usingizi ule hakuamka tena kuzungumza. Wiki nzima alimwinamia sikioni akimjibu. Muuguzi alimwambia masikio huondoka mwisho. Lakini hakuna alama, kidole hakikusogea, na saa tisa alasiri, Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, kaka yetu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, na shemeji hajui kama jibu lilifika.

Tangu siku hiyo anamwona. Hamwoni kwa jicho zima, anamwona kwa lile la kushoto, lisiloona, kwenye pembe, amekaa mwisho wa kitanda anangoja, naye anafahamu kinachongojwa. Ndiyo sababu binamu mwenye shahada alinyang'anywa kazi hii. Shemeji aliniambia, wewe una sauti, na hakuna aliyewahi kukuambia unyamaze akafaulu, msomee jibu langu mbele ya watu kabla hatujamfukia, asiende bila kulisikia. Nimelishika neno kwa neno, sikuongeza chumvi, na waliokwisha kunisikia nikisimulia wanajua hiyo ni kazi ngumu kiasi gani kwangu. Kaka, mkeo anasema hivi:

"Ungenyamaza, dada yangu angehudhuria kliniki mpaka mwisho, anapimwa, anapigwa picha, anaandikwa kwamba anaendelea vizuri, na maiti ningekuwa mimi, maana mara mbili niliitwa kwa namba yake nikaitika, na mara ya pili niliitika haraka kuliko ya kwanza. Wewe ulimzika dada, ukaniuliza mimi ni nani. Jicho sijui nani aliliua, na sitaki tena kujua. Siku ile nilikuchukia. Lakini ningekuwa mimi nyuma ya kamera, ningesema."

Ndilo jibu, kaka. Limesomwa, na watu wote hawa ni mashahidi.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu waliomhudumia tangu Juni, na hasa muuguzi wa wodi aliyempa shemeji kiti asisimame. Tunamshukuru Daktari Mkuu na idara yote ya utafiti, ambao leo wamefunga chumba cha picha na kuwaomba washiriki waje kesho, na naona baadhi ya washiriki wenyewe wamekuja hapa badala ya kungoja kesho, nao wamesimama pembeni bila kusema majina yao, karibuni, hapa mnaruhusiwa kuulizana hali. Tunamshukuru Mama Ratiba kwa chai na kwa kunyamaza, na Soma Tena kwa kubeba jeneza upande uliokuwa mzito. Tunawashukuru majirani waliolala nasi, wateja wangu ambao baiskeli zao zimelala bila matairi wiki nzima bila kunitukana usoni, na wote ambao siwezi kuwataja mmoja mmoja kwa sababu nimeahidi kutorefusha, na mnaona nimetimiza.

Kaka yangu, tangu utoto hakuna aliyewahi kukushinda, umekodoa miaka hamsini na mitano, kwa ajili ya wenye macho na wasio nayo, hai na marehemu, na kila aliyekaa mbele yako ulimwambia lini inatosha, ila wewe hukuwa na wa kukuambia. Basi nakuambia mimi, meneja wako. Picha imetoka vizuri, haina mtikisiko.

Haya, pepesa. Pumzika kwa amani.